Felisita Apatana Bei na Daktari

Felisita, mama Masalu, hakuwahi kulipa bei ya kwanza aliyotajiwa. Alianza kwa kukusanya samli vijijini na kuiuza Bariadi. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kushindana na vyama vya ushirika kununua pamba, akahamia kwenye pamba. Alikuwa mnene, na Usukumani unene ni ushahidi kwamba mambo yako yanakwenda.

Daktari Anatoli alipompima presha, ushahidi huo haukumfurahisha.

"Acha samli na nyama ya mafuta, mayu," akamwita mama kwa Kisukuma. "Na hofu uipunguze."

"Hofu nayo inaliwa?"

"Inakulisha bila kukuuliza. Mafuta ya samli yanapita mdomoni mpaka kwenye damu. Ukiogopa, mwili unamwaga homoni. Homoni inakaza mishipa, inafungulia mafuta uliyojiwekea mwilini yaingie damuni, upate nguvu ya kukimbia. Sasa wewe hukimbii. Umekaa ghalani unalinda pamba. Njia mbili, mishipa ile ile."

Felisita akayasikia hayo kama bei ya kwanza.

"Basi tugawane. Samli naacha. Hofu niachie, ndiyo iliyonifikisha hapa."

"Mimi siuzi, mayu."

"Kila mtu anauza, daktari."

Upande wake aliutimiza. Akala ugali kwa majani makavu ya kunde yaliyochemshwa kwa maji matupu. Hata harusini hakugusa nyama iliyonona. Akakonda. Majirani walinong'ona kuwa anaumwa, yeye akajiona anashinda.

Kisha msimu ukaharibika. Ghala lake la Lalago lilijaa pamba, lori la kiwanda halikuja. Bati la paa lilikuwa limetoboka, na mawingu ya mvua yalitanda kila jioni. Usingizi ukamkimbia, moyo ukamwenda mbio hata akiwa amekaa. Alirudi kwa Anatoli, presha ikawa juu kuliko mwanzo.

"Samli nimeacha. Umenipunja."

"Umeacha nusu, na mishipa haijui kupatana. Muuzie yeyote hiyo pamba, mayu, ukalale."

"Kwa yeyote? Ndivyo wenzangu walivyofilisika."

Lori lililofika mwishowe lilikuwa la Ngeleja, mfanyabiashara aliyetazama mawingu kabla ya kutazama pamba. Akataja bei ya kutupa.

Felisita alifungua mdomo amkatalie. Upande mmoja wa uso ukashuka, mkono ukaning'inia, neno halikutoka.

Ngeleja alisubiri kidogo, kama kawaida ya biashara. Aliyenyamaza amekubali. Akageuka, akawaambia wapakiaji waanze.