Njia ya Kidole

Sogeeni karibu, wanangu, na anayetafuna muwa aupumzishe kidogo, kisa hiki hakitaki kelele.

Wakati wa vita vile vikubwa, mama alinichukua dukani Kisauni, akaomba vitambaa sita vya kufutia jasho. Mwenye duka akacheka: "Bibiye, nyumba nzima ina mafua?"

"Nataka kuunga leso," mama akajibu.

Bibi, aliyemzaa mama, alikuwa kitandani, macho yameshazimika. Aliomba jambo moja tu: kushika tena leso kama aliyoolewa nayo. Enzi zake leso haikuuzwa nzima. Watu waliunga leso za mkono, vile vitambaa vya jasho, zikawa nguo ya kujifunga, na jina la leso likabaki.

Mama akaviunga vile vitambaa sita kwa cherehani, mshono laini kama haupo. Bibi akapapasa, akaisukuma. "Hii si yangu, mwanangu. Yangu ilikuwa na njia."

"Njia gani, mama?"

"Ya kidole."

Mama akafumua yote, akashona upya kwa mkono, uzi mnene, mshono ukavimba kama mshipa. Kidole cha bibi kikaupata, kikaufuata taratibu mpaka mwisho. Uso wake ukawa wa bi harusi. "Abee," akaitika, na hakuna aliyemwita.

Leso za siku hizi nzuri, sikatai, lakini kidole kipite wapi?

Alipotutoka, leso alirithi dadangu, sindano mama. Mimi, wallahi, nilirithi kidole: hata leo silali kabla hakijapata mshono wa shuka.