Bibi Alivyotolewa Kitabuni

Wiki iliyopita nilipita Al Twar, mtaa wetu wa zamani hapa Dubai, mwenzangu, nikakuta nyumba ya aliyekuwa jirani yetu imepakwa rangi mpya na mlangoni wapo watu nisiowajua. Nikasimama pale pale juani nikicheka peke yangu.

Jirani alikuwa mtunzi wa riwaya za kuchekesha, Mwunguja kama sisi. Vitabu vyake vilichapishwa kwetu, lakini vilizaliwa hapa, sebuleni kwake, kila Ijumaa baada ya alasiri. Enzi zile Ijumaa ndiyo ilikuwa mapumziko. Shoga zake walikusanyika kwa kahawa, naye akawasomea alichoandika wiki ile. Sharti moja tu: wasipocheka, anachana. Mimi, mtoto niliyefuatana na bibi yangu, nilikaa chini nikitafuna visheti, kiyoyozi kikinguruma, iliki ikinukia nyumba nzima.

Ijumaa moja akasoma kisa cha kizee cha Mombasa kilichopanda ndege na mbuzi ya kukunia nazi kwapani, kikagombana na askari wa uwanjani. Wanawake walicheka hadi machozi, wote wakimtazama bibi yangu. Maana ni yeye hasa! Nazi ya kopo aliiita maji ya chokaa.

Bibi hakucheka. Aliweka kikombe, akajitanda buibui lake. "Khalas. Mimi na wewe basi."

Nililia, wallahi. Ijumaa bila sebule ile ilikuwa Ijumaa gani? Jirani naye, akiogopa kumpoteza shoga yake wa tangu usichana, akamtoa bibi kitabuni. Aliposoma tena, wenzake walikunywa kahawa kimya. Akachana yote.

Umbea haukukawia kutufikia. Bibi akaondoka mbio bila kualikwa, nami nyuma yake.

"Ebo! Umenitoa kwa nini? Nirudishe! Na hiyo Mombasa umeitoa wapi? Mimi Mwunguja!"

"Nilikuwa nakuficha, shoga yangu."

"Unanificha, na mbuzi umeitaja?"

Wakaangua kicheko, wakakumbatiana. Nilifurahi mpaka nikamwaga kahawa ya watu.

Kitabu kile kilipendwa kuliko vyote, na vilivyofuata bibi alikuwamo, mkali vile vile, na kila Ijumaa akilalamika kapunjwa maneno. Kisha Mungu akamchukua, na jirani akarudi Unguja.

Juzi nilimpigia simu nikamuuliza anaandika nini siku hizi.

"Siandiki, mwanangu," akasema. "Nikisoma, wote wananisifu tu. Nani sasa ataninunia?"