Kioo Kilichomnenepesha Baba

Kwenye msiba wa baba nilipangiwa fulana. Mdogo wangu alipewa maturubai na viti, baba mdogo akachukua jeneza na usafiri, mashangazi wakashika jiko, na mimi, kwa kuwa kazini kwangu nahangaika na kompyuta, nikaambiwa nisimamie fulana zenye picha ya marehemu. Sikubisha. Mimi ni mtu wa kukasirika haraka na kulia kwa taabu, na mtu wa namna hiyo msibani ni heri atumwe.

Picha aliichagua mama. Aliitungua mwenyewe ukutani sebuleni: baba kavaa suti siku ya kipaimara cha mjukuu wake, mashavu yamejaa, kola imembana shingo. Akanikabidhi na fremu yake.

"Watu wamzike huyu," alisema.

Nilimwelewa. Ugonjwa wa koo ulimnyima baba chakula kwa miezi, mwishoni akabaki mifupa na macho. Mama alimuuguza chumbani kwao, pale Mbagala, akageuka kuwa mlinzi wa mlango. Majirani wakija na matunda aliyapokea sebuleni na kuwaambia mzee amelala. Alikuwa ameshasema pia kwamba jeneza halitafunguliwa, si Dar wala kwetu bara tulikokuwa tunampeleka kuzika. Kwa hiyo uso pekee ambao watu wangeuaga ni huo wa kwenye fulana.

Asubuhi niliipeleka picha kwenye steshenari ya mtaa wa pili. Mchana dizaina wa pale akaja mwenyewe msibani na fulana moja ya mfano, kaikunja vizuri ndani ya mfuko. Mama aliikunjua mapajani, kwenye mkeka, wenzake wakichungulia. Mashavu ya baba hayakuwepo. Kichwa kilikuwa chembamba na kirefu, taya zimemtoka, na suti ilionekana kama imetundikwa kwenye henga. Alikuwa yule wa kitandani.

Mama aliikunja haraka akaificha ndani ya khanga yake.

"Huyu simtaki," aliniambia kwa sauti ya chini. "Basi linaondoka kesho. Kama yule mwingine hapatikani, watu wavae nguo zao."

Nilifika steshenari na hasira zangu zote, nikamkuta dizaina akiendelea na kazi huku redio ikipiga singeli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Pole, sista. Ila muone mwenyewe mzee," akasema, akanigeuzia monita.

Baba alikuwa pale kwenye kioo, mashavu yake yote mawili, kama alivyokuwa ukutani.

"Ishu itakuwa mashine ya kubandika," akaendelea. "Inavutaga kitambaa."

Ningemwamini, ila macho yangu yalitua kwenye alama moja ndogo pembeni ya kioo. Kwenye kila kompyuta niliyowahi kuigusa alama ile ni duara, na pale ilikuwa yai lililolala. Nikamwomba achore mraba kwa kuandika vipimo, nikachukua rula yake ya kukatia kadi nikaibandika juu ya kioo. Huo mraba ulikuwa na upana wa sentimita nane na kimo cha sita.

"Hii monita umeipata lini?"

"Juzi. Ile ya zamani ilikufa. Na tangu imekuja, picha za watu zinaingia zimevutika, nikajua ni simu zao. Hata mzee nilimkuta kanenepa kupita kiasi, nikambana kidogo mpaka akakaa sawa."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Kompyuta yake ilikuwa ya Linux, maana flashi za wateja zilikuwa zimeijaza Windows virusi mpaka akachoka. Nikainama kuangalia waya wa monita, nikakuta kijino kimoja cha plagi yake kimevunjika. Kwa sababu hiyo kompyuta ilishindwa kuiuliza monita ukubwa wake, ikakisia idadi ya nukta za vioo vya zamani vya karibu mraba, 1024 kwa 768. Monita nayo, kwa kuwa ni pana, ikaivuta picha hiyo mpaka ikajaa. Kila kitu kikanenepa, na huyu bwana akampunguza baba yangu mpaka akalingana na kioo kinachodanganya. Hapakuwa na wa kumgombeza, na hilo lilinikera zaidi.

Waya mwingine hakuwa nao. Nikafungua kidirisha cheusi cha kuandikia amri, nikaiuliza kompyuta kwa amri iitwayo xrandr inajua ukubwa gani wa kioo, ikanitajia ule mdogo na mwingine mdogo zaidi. Ilibidi niifundishe: nukta 1920 kwa 1080, na kioo kichore picha upya mara ngapi kwa sekunde. Monita za kazini kwetu huchora mara sabini na tano, vidole vikaandika sabini na tano bila kuniuliza. Kioo kikawa cheusi. Yakatokea maandishi madogo kwamba hicho kiwango kioo hakikiwezi, nayo yakazimika.

"Sista, kazi za watu zimo humo."

"Zipo. Ni kioo tu ndiyo hakionyeshi."

Nikaandika amri ya kurudisha ukubwa wa mwanzo bila kuona ninachoandika. Mara ya kwanza nadhani niliruka herufi, maana hakikutokea kitu. Nikarudia taratibu, herufi moja moja, na lile yai likarudi. Dizaina akashusha pumzi. Nikaandika upya, safari hii mara sitini kwa sekunde.

Kioo kilipepesa, kikatulia. Yai likawa duara, maandishi yakakaza, rula ikakuta mraba uko sawa pande zote. Na hapo katikati baba akakonda. Nilikuwa nakaa Bunju, nikija kumwona Jumapili kwa Jumapili, na kila nilipokuja nilikuta amepungua. Sasa kupungua kote kule kulitokea kwa mara moja, mbele yangu. Nililia nimesimama, rula mkononi, kwa mara ya kwanza tangu nilipopigiwa simu. Dizaina alizima redio na kunisogezea kiti.

"Ngoja nirudishe ile ya mwanzo," akasema baadaye. "Ni kubonyeza tu."

Nikamwambia aniachie mimi. Nilishika ukingo wa picha kwa mausi nikauvuta kwenda nje, kidogo kidogo, huku nikilinganisha na fremu ya mama iliyokuwa mezani. Ilikuwa kazi ya kipuuzi, kubonyeza kungetosha. Lakini katika ugonjwa ule mzima ndiyo mara pekee nilipomwona baba akiongezeka, na sikutaka kuharakisha.

Fulana zilifika kabla ya ibada ya jioni. Mama aliishika moja, akaitazama muda mrefu, akasema, "Ndiye." Kesho yake baba alisafiri kwetu kifuani kwa kila mtu ndani ya basi, amenona na kola imembana. Wazee waliokuwa hawajamwona miaka mingi walisema kumbe hakubadilika. Mama alisikia, hakuwasahihisha.

Tuliporudi Dar nilibaki kwake siku kadhaa kumsaidia usafi. Asubuhi moja nilikuwa natandika kitanda chake nikaikuta ile fulana ya mfano, imevaliwa mpaka imelegea, kumbe alikuwa analala nayo. Baba mwembamba alikuwa ananitazama na taya zake.

"Mama, hii si uliikataa?"

Alinipokonya mkononi.

"Yule niliwapa watu," alisema. "Huyu nimemlisha kwa kijiko. Huyu ni wangu."

Akaikunja, akairudisha chini ya mto, akaniambia nimalizie kutandika.