Sikio la Salamu

Mimi si mtu wa kununua kitu haraka. Hata nyanya nazibonyeza mpaka mwenye fungu anikunjie uso. Basi siku niliyokwenda soko la Mwanjelwa kutafuta spika za masikioni, zile ndogo za kuchomeka ndani kabisa ya tundu la sikio, muuzaji alijuta kufungua kibanda.

"Hizi zina besi ya hatari," alisema, akazifuta kwenye shati lake na kunipachika. Besi ikanipiga mpaka nikahisi meno yanacheza.

"Kaka, mimi nataka kusikia watu wanaimba."

Akanipa nyingine, zenye sauti nyembamba kama nzi ndani ya chupa. Za tatu hazikuwa na waya. Nikazikataa, maana najijua: ningezipoteza mara ya kwanza basi litakaposimama watu washuke kuchimba dawa porini. Nilikuja na kipimo changu kwenye simu, kwaya yetu ikiimba mwaka jana, na nilikuwa namtafuta mama yangu katikati ya wale wote. Spika iliyoshindwa kunionyesha mama yuko wapi niliirudisha.

"Dada, unanunua spika au unachagua mchumba?"

"Mchumba nilimchagua haraka. Ndiyo maana sasa najihadhari."

Za sita zilikuwa na waya na vipira laini vya saizi tatu. Nilipochomeka zenye vipira vya kati, Mwanjelwa yote ilizimika, muuzaji wangu akabaki kuchezesha mdomo tu. Mama nikamsikia waziwazi, pale pale alipo siku zote, kwenye sauti ya pili. Nikalipa.

Ukali wote ule ulikuwa na sababu. Nafundisha shule Mbeya, lakini kwaya yangu iko nyumbani, Kihesa, Iringa, katika kanisa ambalo mama ameimba tangu sijazaliwa. Tunasimama pamoja, yeye kuliani kwangu. Miaka ya karibuni amezidi kuniegemea tukiimba, mdomo karibu na sikio langu, na nyumbani ukimsemesha anajibu "Ee?" mara mbili. Nikajua masikio yamechoka, sauti anaichukua kwangu. Sikumwambia mtu. Lakini kwaya ina macho. Mwalimu wetu alipotangaza kwamba kabla ya Sikukuu ya Mavuno kila mmoja atapimwa wimbo mpya, na atakayeshindwa atapumzishwa, niliona shingo zikigeuka upande wa mama. Kumpumzisha mama yangu kuimba ni sawa na kumpumzisha kupumua. Niliapa kuujua wimbo ule kuliko aliyeutunga, ili akiniegemea asianguke.

Sisi tulioko mbali mwalimu alitutumia wimbo kwa simu, sauti zote ameimba mwenyewe, pamoja na ujumbe mrefu wa maelekezo. Jumbe zake huanza na sala, hupita kwenye hali ya hewa, huishia kwenye michango. Ule ujumbe sikuusikiliza.

Safari ya kwanza kwenda Iringa nilikaa dirishani, nikachomeka masikio yote mawili, nikajifungia na wimbo wangu, sauti zote zimechanganyika. Tulipofika Makambako nikazivua ninunue mahindi, nikakuta bibi tuliyekaa naye amenipa mgongo, amekumbatia kapu lake. Kumbe tangu alipopanda Igawa alikuwa amenisalimu "Kamwene" mara tatu, nami natazama nje. Akamwambia wa kiti cha nyuma, bila kushusha sauti: "Watoto wa siku hizi wamesoma mpaka salamu wamesahau." Nilimwomba radhi, akaitika nusu. Niliona aibu, mahindi nikayala nimeinama. Tangu siku hiyo sikio la kulia, la upande wa jirani, nililiacha wazi kwa ajili ya salamu, kwenye basi, shuleni, kila mahali. La kushoto ndilo likajifunza wimbo.

Na wimbo ulikuwa mtamu! Sisi wa sauti ya pili tumezoea kupewa noti tatu, unazikalia kama kuku anayeatamia, huku wenzetu wa sauti ya kwanza wanaruka watakavyo. Safari hii nikaona mwalimu ametukumbuka. Niliuimba nikipika, nikifua, nikisahihisha madaftari.

Jumamosi ya kupimwa, mwalimu aliita watu wawili wawili, kama walivyozoea kusimama. Mama alikuwa na karatasi yake ya noti, do re mi za kalamu, imekunjwa hadi inachanika. Kinanda kikaanza, tukaingia. Mstari wa kwanza tu, nikasikia mama yuko kwingine kabisa. Nikaongeza sauti nimvute. Naye akaongeza. Nikaongeza tena. Akaniletea mdomo sikioni, akaimba kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo. Nikajisemea, maskini mama, amepotea na hajui.

Kinanda kikanyamaza.

"Dada wa Mbeya," mwalimu akasema, "umehamia lini sauti ya kwanza?"

"Nimeimba ulivyotuma, mwalimu."

"Si nilieleza kwenye ujumbe? Sauti ya kwanza nimeiweka sikio la kushoto, iwaongoze. Sauti yenu iko la kulia. Wewe ulisikiliza lipi?"

"La kushoto."

"Na la kulia?"

"La kulia lilikuwa la salamu."

Kanisa zima liliangua kicheko. Mwalimu aliegemea kinanda kikalia chenyewe. Alipokwisha kufuta macho akasema mama amepita, hana kosa hata moja, ila mimi nirudie papo hapo, na nikishindwa nikakae na washarika.

Sauti ya pili sikuwa nayo kichwani hata noti moja. Mama alikunja karatasi yake, akaitia kwenye pochi. Akaniegemea kama kila Jumapili, mdomo kwenye sikio la kulia, akaimba. Nikamfuata nyuma kidogo, noti zile tatu za kuatamia, nazo zikaja kwa urahisi, kupitia njia ambayo sikio langu lilikuwa limeizoea. Kufika ubeti wa pili nikashtuka. Sikukumbuka wimbo hata mmoja niliowahi kuimba pale kwa njia nyingine.

Tulipita wote wawili. Njiani kurudi nyumbani nikamuuliza, "Mama, kumbe unasikia?"

"Nasikia."

"Mbona nikikusemesha unasema 'Ee?' 'Ee?'"

"Unaniongelesha huku unatazama simu. Nakurudisha kwangu."

"Na kule kuniegemea?"

Akacheka, akanishika mkono tuvuke barabara, kana kwamba mimi ndiye mzee. "Mwanangu, wewe sauti huishiki tangu utoto. Mwalimu wa zamani alitaka kukutoa, una miaka kumi na miwili. Nikamwambia, huyu mweke karibu yangu."

Nina miaka arobaini na mmoja. Nilitembea machozi yananitoka na kicheko kimenibana.

"Sijamwambia mtu," akasema. "Na wewe usijitangaze."