Kabari ya Sifuri

Mume wangu alikuwa na kazi ambayo baba yangu aliona haya kuitaja msikitini: alipanda mawe. Hakutafuta asali wala mayai ya ndege. Alipanda na wageni kwenye majabali ya visiwa vya kaskazini ya Nosy Be, wakifika juu wakapiga picha, kisha wakashuka. Baba, sonara wa Mahajanga aliyezeekea kwenye kigoda chake, aliuliza mara moja tu, "Na huko juu kuna nini?" Mume wangu akajibu kwa unyenyekevu, "Hakuna kitu, baba." Baba akanitazama mimi kana kwamba nimenunua mbuzi kilema.

Miaka ya themanini ilikuwa inakaribia kwisha. Mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mume wangu shada la kabari za kupandia. Ni vipande vidogo vya shaba au alumini, vingine havizidi punje ya hindi, kila kimoja na kitanzi chake cha waya wa chuma. Unakichomeka kwenye ufa wa jiwe, kinakwama pale ufa unapobana, unapitisha kamba yako, na roho yako inabaki ikining'inia hapo. Nyingi zilikuwa za miaka ya sabini, kabla watengenezaji hawajazoea kuziandikia nguvu zake. Mume wangu alizimwaga mkekani akazichambua kama mchele. Zenye herufi ndogo za kilonyutoni zilikuwa mpya kidogo, na kilonyutoni moja ni kama uzito wa mtu mnene aliyetulia. Zenye namba tupu zilikuwa za kale, na namba hiyo ilikuwa ya ukubwa tu, haikusema lolote kuhusu nguvu. Hizo alizipima kwa kuangalia umbo, kama pande zimenyooka au zimepinda, na jinsi waya ulivyolehemiwa ndani ya shaba. Zile ndogo kabisa alizikisia kilonyutoni mbili, pengine pungufu.

"Zitanishika nisipoanguka vibaya," alisema, akidhani ananituliza.

Tukaenda Mahajanga kwa Idi, naye akalibeba shada lake, maana baada ya sikukuu alikuwa na wageni wa kupanda nao. Sasa, dukani kwa baba hakikuingia chuma kikatoka kichafu. Hata kufuli la mlango lilisuguliwa, hata kijiko cha jirani aliyekuja kuomba chumvi. Tulipokuwa tunakula kwa shangazi, baba aliliona shada limetundikwa, akalichovya kwenye asidi, akalisugua kwa brashi. Alipogundua kwamba kabari moja ndogo waya wake umeanza kukatika nyuzi, akawasha moto akaulehemu kwa fedha. Tuliporudi, zote ziling'aa kupita bangili za arusi, na herufi za kilonyutoni zilikuwa karibu zimefutika.

Tena alikuwa amezipanga upya kwa akili ya kisonara. Kwake namba juu ya madini ni ubora: karati kumi na nane ni dhahabu ya heshima, tisa ni shaba iliyojipaka poda. "Na hii isiyo na chapa," alisema akiinyanyua kwa koleo, "imeibiwa mahali." Ile aliyoilehemu ilitangulia zote, kwa sababu sasa ilikuwa na fedha ndani. Nyumbani tulizungumza Kimalagasi, ila baba akijisifu alirukia Kikomoro cha babu yake, na siku hiyo Kimalagasi hakikusikika hata kidogo.

Kwetu mkwe hakatai kitu kilichotoka mikononi mwa baba wa mkewe. Akipewa chai ya chumvi, anakunywa na kuomba kikombe cha pili. Mume wangu alijua kwamba waya wa chuma ukishapikwa motoni unalegea, nilimwona usoni. Lakini alisema, "Ahsante, baba," akairudisha kabari ile kwenye shada. Nilipomsogeza pembeni aliniambia kwamba ni lazima aitumie, maana baba atamuuliza, naye hawezi kumdanganya mzee. Niliogopa, kisha nikapandwa na hasira. Nilikuwa nimeolewa na mtu ambaye angekufa kwa adabu.

Mimi si mkwe. Nilirudi dukani nikasema, "Baba, kama ni nzima, ning'inia nayo wewe kwanza."

Mume wangu alitaka ardhi immeze. Baba akafurahi. Tuliifunga kabari kwenye boriti, tukafunga kamba kwenye waya wake, na baba akajikalisha kwenye kitanzi cha kamba, kofia kichwani, miguu ikichezacheza juu ya sakafu. Ilishika. Akawaita majirani waje kumtazama. Akaniuliza kama bado nina neno.

"Ninalo," nikasema. "Mtu wa mawe hakai kwenye kamba kama ndizi dukani. Anaanguka."

Baba akapanda juu ya kigoda, kamba ikalegea, akasema bismillahi, akaruka.

Waya ulikatika palepale penye fedha. Baba alifikia makalio, kofia ikaviringika mpaka chini ya meza, na jirani mmoja akacheka kabla hajajizuia. Mume wangu alikimbia kumwinua. Baba alimsukuma mkono, akabaki sakafuni akitafuta ile kabari kwa vidole. Akaiweka karibu na jicho, akaitazama sana pale ilipokatika. Nikajuta kuwaruhusu majirani wabaki.

"Mwanangu," alimwambia mume wangu, kwa Kimalagasi, "nilikuwa nimeshakuua."

Akainuka, akakaa kwenye kigoda, akachukua nyundo na chapa zake. Maisha yake yote hakuwahi kupiga chapa ya uongo juu ya kitu. Akagonga sifuri moja juu ya kabari ile, nzuri, katikati kabisa, akanipa mimi.

Mume wangu aliacha pia zote ambazo herufi zake hazikusomeka tena, akapanda na chache zilizobaki. Msimu ule alianguka kweli. Kabari ndogo ikamshika, akarudi nyumbani na magoti yaliyochubuka na njaa ya kutisha. Tulipokwenda tena Mahajanga nilimsimulia baba. Hakuuliza iliyomshika ilikuwa ipi.

"Ile yangu iko wapi?"

Nikavuta uzi shingoni, nikamwonyesha.

"Ikae hapo hapo," akasema. "Usimwazime."