Neno "bingo" lilivyomkosesha mama mkwe wangu daktari wa macho

Wakuu, heshima zenu.

Mnaonijua humu mnanijua kwa nyuzi za vita. Carrier gani imesogea wapi, ndege gani imebeba nini, nani atachoka kwanza. Leo sina ramani wala picha za satelaiti. Nimekuja na jambo langu mwenyewe, la wiki iliyopita, na nitalieleza lilivyo hata pale linaponivua nguo.

Nipo Bariadi, maeneo ya Somanda. Nina kiduka cha spea za pikipiki, na mbele ya duka ndipo kilipo kijiwe cha bodaboda. Kwa hiyo wateja wangu na wasikilizaji wangu ni watu wale wale.

Wananiita Kamanda.

Bahari yenyewe nimeiona mara moja tu, nilipokwenda Dar kufuata mzigo. Niliiangalia nikiwa nimesimama mbali kidogo, nikarudi zangu Kariakoo.

Sasa tangu huko duniani kuchafuke tena, kijiwe changu kimekuwa darasa. Jamaa wakirudi na abiria wanapaki, wananiuliza, "Kamanda, leo vipi?" Na mimi naanza.

Nilikuwa nawaambia hivi. Carrier, ile meli kubwa inayobeba ndege za kivita, inaendeshwa na nyuklia, inaweza kukaa baharini miaka bila kujaza. Watu wanaishia hapo, wanaona jamaa hawana shida ya mafuta. Lakini ndege zilizo juu yake hazili nyuklia. Zinakunywa mafuta jamii ya mafuta ya taa, na vita ikipamba moto zinakunywa usiku na mchana. Kwa hiyo kila baada ya siku chache lazima meli ya mafuta ije, itembee sambamba na carrier kwa mwendo ule ule, mipira minene ivutwe kutoka huku hadi kule, na kazi ifanyike bila kusimama. Ukitaka kuimaliza carrier, nikawa nasema, usihangaike nayo. Fukuza meli ya mafuta.

Hapo vijana wanaitikia kwa vichwa, mimi naendelea.

Kilichowaingia zaidi ni habari ya "bingo". Rubani kabla hajaruka anapewa kiwango. Mafuta yakishuka hadi pale, hakuna ubishi tena. Ama ndege mwenzake amjazie huko huko angani, ama ageuze akatue nchi kavu, kwa sababu akijaribu kutua kwenye meli akakosa ule waya wa kumnasa, hatakuwa na ya kurudia. Na rubani hapigi stori redioni. Anasema neno moja tu, bingo, na chini kwenye meli kuna chumba ambamo kuna watu kazi yao ni kujua kila ndege iliyo hewani imebakiwa na kiasi gani. Wakisikia neno hilo wanafanya kazi.

Vijana wakalichukua lile neno. Pikipiki ikiingia rizavu mtu yuko mbali na sheli, anatuma meseji "bingo", aliye karibu anampigia kujua yuko wapi, anampelekea. Mimi nikatoa dumu la petroli, likawa linakaa dukani chini ya meza kwa kazi hiyo. Tukaliita tanker. Nilijisikia mtu mkubwa sana, sitaki kudanganya.

Na kuna hili. Nilikuwa nimeandika kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba vita ikiendelea mafuta yataadimika, mwenye akili ajaze mapema. Lilisambaa hadi vijijini. Lishikilieni hilo.

Tuje kwa mama mkwe.

Mke wangu, Mama Kulwa, kwao ni Migato, Itilima. Mama yake amepata mtoto wa jicho macho yote mawili. Anaona mwanga na kivuli cha mtu, basi. Wanangu ni mapacha, Kulwa na Doto, na bibi yao anawatambua kwa sauti. Doto akinyamaza makusudi, bibi anampapasa kichwa kutafuta kovu.

Wiki iliyopita hapa mjini ilikuja kambi ya madaktari bingwa wa macho. Upasuaji bure. Tulichelewa kupata habari, kwa hiyo ilibaki siku ya mwisho. Mama Kulwa akawahi asubuhi kushika foleni, na shemeji yangu Limbu, ambaye ni bodaboda hapo hapo kijiweni kwangu, akaenda Migato kumchukua mama yake.

Mtauliza kwa nini nisiende mwenyewe na pikipiki ninayo. Wakuu, huku kwetu mkwe na mama mkwe hawapandi pikipiki moja. Atanishika wapi? Hata kusalimiana, nachuchumaa pembeni, naangalia chini. Kwa hiyo kazi yangu siku hiyo ilikuwa moja, kukaa dukani na simu na dumu. Limbu mwenyewe alisema akiondoka, "Shemeji, wewe leo ndiyo meli."

Tukacheka.

Limbu alitegemea kujaza Migato kwa wale wauza petroli ya chupa. Akakuta chupa tupu. Watu walikuwa wamenunua yote kwa madumu, wameficha ndani, kwa sababu kuna mtaalamu mmoja wa vita aliandika mafuta yataadimika. Mnamjua huyo mtaalamu.

Akasema ataondoka na yaliyopo. Mbele huko, sehemu ambayo ni mashamba ya pamba kulia na kushoto, pikipiki ikaanza kukohoa, akageuza koki kwenda rizavu. Salio la kupiga hana, amebakiwa na la meseji tu. Akafanya nilivyomfundisha. Akasimama mapema, akatuma neno moja.

"Kamanda bingo."

Sasa nisikilizeni. Wakati huo nilikuwa katikati ya somo. Jamaa mmoja kaniuliza, rubani akiishiwa mafuta juu ya bahari inakuwaje, na mimi namjibu kwa mikono miwili kwamba haiwezi kutokea, wale watu hawamwachi mwenzao. Simu ikatetemeka. Nikasoma.

Jana yake Limbu alikuwa amenionyesha mkeka wake wa kubeti, imebaki mechi moja tu. Na sisi Waswahili mtu akisema bingo, amepiga hela. Akili yangu ikaenda huko moja kwa moja. Nikamjibu haraka nisipoteze utamu wa stori.

"Hongera mwamba. Sasa tulia hapo hapo usiwe na haraka."

Nilimaanisha atulie na ushindi wake, asianze kuutapanya. Yeye akaelewa nampongeza kwa kutangaza mapema, na namwamuru asisogee na ile rizavu, nakuja. Hata hakuona ajabu kwamba sijauliza alipo. Njia ni moja, akajua nitamkuta. Akazima pikipiki. Akamkalisha mama yake kwenye kalavati.

Mimi nikaichomeka simu chaji, nikazima sauti isinikatize, nikaendelea kumwokoa rubani.

Sijui niliongea muda gani. Ninachokumbuka ni Mama Kulwa anakuja kwa miguu kutoka hospitali, khanga imemteleza begani, na yeye si mtu wa kutembea hivyo.

"Baba Kulwa, mama yuko wapi?"

"Si yuko njiani na Limbu."

"Namba yetu imeshapita. Nimeomba wamrudishe nyuma, wamekubali mara moja tu, hawarudii. Limbu nampigia hapatikani. Kwako hajasema kitu?"

Nikachomoa simu. Kulikuwa na meseji nyingine mbili. "Kamanda vp." Halafu, "Mama anauliza, chaji inaisha."

Hata hapo wakuu, kichwa kiligoma. Mama Kulwa akainyakua ile simu, akapandisha meseji juu, akasoma kwa sauti mbele ya kijiwe kizima.

"Kamanda bingo. Bingo ni nini?"

Nikasema, "Mkeka. Nadhani mkeka wake umetiki."

Kijana mmoja aliyekaa juu ya tenki la pikipiki yake akasema taratibu, wala hakuwa na nia mbaya, "Kamanda, si ndiyo ile ya ndege?"

Nilisikia masikio yanawaka. Watu wote walewale niliowafundisha walikuwa wananiangalia, na dumu lipo chini ya meza, limejaa, miguu yangu ilikuwa inaligusa muda wote ule.

Mama Kulwa alinirudishia simu. Ni bora angenitukana. Akageuka kurudi hospitali kubembeleza foleni.

Nililifunga dumu kwenye keria nikaondoka. Barabara sikuiona vizuri.

Nikawakuta. Limbu alisimama akatabasamu, akatangulia kuniambia, "Shemeji, mafoleni ya sheli eh?" Alikuwa ameshanitafutia sababu. Mama mkwe amekaa kwenye kalavati juani, kajifunika khanga kichwani, mfuko wake mdogo wa nguo za kulazwa uko mapajani. Nikachuchumaa mbali, nikamsalimia Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Wabeja, asante sana. Nilimwambia Limbu utakuja."

Nikamimina mafuta. Mengine yakamwagika chini, na Limbu akanishikia dumu.

Tulifika hospitali wale madaktari wanafunga masanduku ya vifaa. Nesi mmoja alituhurumia, akaingia kuuliza, akatoka akitikisa kichwa. Orodha imefungwa, wanasafiri. Kambi nyingine hajui itakuwa lini wala wapi. Mama mkwe akasema hakuna shida, Mungu yupo, akaomba maji ya kunywa.

Nilidhani aibu yangu imeishia hapo. Kumbe.

Jioni nyumbani, mimi nipo uani nachezea spana ambayo haikuwa na kazi yoyote. Ndani mama mkwe anaongea na mwanawe Kisukuma, anacheka kabisa. Anasimulia safari. Nikasikia kwamba walipokuwa kwenye kalavati, gari moja aina ya Noah ilisimama. Imebeba wazee kutoka vijiji vya kule kule, wote wanakwenda kambi ya macho, na kulikuwa na nafasi moja. Dereva akashuka mwenyewe kumshika mkono.

Akakataa.

Nitawatafsiria alivyosema, maana sijaacha kuyasikia. "Nikamwambia nenda baba, mkwe wangu yuko njiani na mafuta. Akifika akakuta nimepanda gari ya watu, ataona nimemdharau. Yule ni mtu anayejua mambo ya mafuta, hata ya meli za vita, hawezi kuniacha."

Wale wa kwenye Noah walifanyiwa, wakuu. Mama Kulwa aliwaona wodini wakiwa na bandeji.

Sasa mama mkwe amesharudi Migato. Limbu ananiambia huko ananisifia kwa kila anayefika kumpa pole. Kwamba mkwe wake aliacha biashara akaleta mafuta hadi porini. Mama Kulwa anajua ukweli na hajamwambia mama yake. Kwangu mimi anaongea ya lazima tu, chakula kipo, watoto wameoga. Limbu naye anaendelea kuniita shemeji vizuri, na hilo ndilo linaniumiza kuliko yote.

Kijiweni sijafundisha tena. Wanauliza, nasema nina kazi. Dumu nimelihamishia kwa vijana wenyewe.

Nilichojifunza, kama kuna mtu kinamfaa. Mimi lile neno lilikuwa la kunogesha mazungumzo. Limbu alilishika kama kitu cha kutegemea barabarani, na akaliheshimu kuliko mimi niliyelileta. Na yale maneno ya mafuta kuadimika niliyaandika nikiwa nimekaa kwenye kivuli, nikiangalia nani amelike. Kuna watu huko vijijini wakiambiwa kitu na mtu wanayemheshimu wanakifanya kweli. Nilikuwa naongea na watu wa namna hiyo miezi yote na sikujua.

Naomba michango yenu, hata ya kunitukana, nitasoma yote.

Kwanza, nimwambie mama mkwe ukweli? Kila nikijipanga naona nitamnyang'anya na ile furaha iliyobaki. Nikikaa kimya, naendelea kula sifa zisizo zangu. Wasukuma wenzangu, hasa wenye umri, mkwe akimkosea mama mkwe kiasi hiki anamwendeaje?

Pili, mwenye habari ya kambi ya macho popote Kanda ya Ziwa, Shinyanga, Mwanza, Mara, aniandikie hapa. Safari hiyo nitakodi gari. Yeye atakaa nyuma na mwanawe, mimi nitakaa mbele na dereva, niangalie barabara tu, na simu sitaigusa.