Fidla za Chome kwenye nyimbo za roki

Studio ilikuwa nyuma ya duka la vipuri, Same mjini, karibu mno na barabara kuu. Kuta tulizifunika kwa magunia ya mkonge na magodoro mawili yaliyochoka, na bado lori likipita kuelekea Moshi maiki zililisikia kabla yetu. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni, kutazama barabara, na kuinua mkono kukiwa shwari. Hapo fundi wa sauti, ambaye ndiye mwenye studio, alizima feni ili isisikike kwenye maiki, na joto la Same likaingia kama lilikuwa limepanga foleni nje.

Nilifika pale kama nilivyofika kila mahali. Shule niliiacha darasa la sita. Nimekata mkonge, nimeswaga ng'ombe Kwakoa, nimeuza laini za simu Kileo, na kote huko niliondoka mara nilipokwisha kuelewa mambo yanavyokwenda. Studio niliingia kuuliza kwa nini maiki huvalishwa sifongo. Nilijibiwa vizuri, kisha nikapewa ufagio.

Mteja wetu safari hiyo alikuwa mzee mmoja, fundi magari mstaafu. Ujanani aliimba roki kwenye bendi huko Arusha, na bado alivaa koti la ngozi, katika joto lile, zipu imefungwa hadi kifuani. Mwaka uliotangulia alipasuliwa koo. Alibakiwa na mnong'ono, wa kuagizia chai, si wa kuimbia. Nyimbo nne alizozitunga mwenyewe hazikuwahi kurekodiwa. Gitaa la umeme alikuwa ameshalipiga lote, wiki nzima, hadi vidole vikavimba, na ngoma fundi alizipanga kwenye kompyuta. Mahali pa sauti yake alitaka fidla, nyingi, kama okestra.

"Nataka nizisikie zikiimbwa," alimwambia fundi. "Hata kama si kwa mdomo."

Okestra Same hatuna. Tulipata watu wanne wa usharika mmoja wa Chome: mwalimu wa kwaya, ambaye ni mama wa makamo mwenye fidla, binti zake wawili, nao na fidla, na seremala aliyepiga sello, ile fidla kubwa inayobanwa kwa magoti. Mpango wa fundi ulikuwa wapige kila wimbo mara nne, azipandanishe, wasikike kama watu kumi na sita. Walikuwa na Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi lazima wapande gari la Chome, wawahi ibada ya kesho yake.

Tatizo lilijitokeza kwenye wimbo wa kwanza. Kila mwisho wa mstari wale wanne walingoja. Kidogo tu, lakini gitaa na ngoma hazikungoja, na kufikia ubeti wa tatu walikuwa nyuma kabisa. Fundi akawawekea mdundo wa kuhesabu masikioni. Wakaufuata, na wakasikika kama watu wanaosoma tangazo la mnada. Wakiacha kuufikiria, kile kituo kinarudi.

Tulipopumzika mwalimu alinimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yao, nami nikamuuliza wanangoja nini. Alinieleza kwamba maisha yake yote amepigia watu wanaoimba. Wakifika mwisho wa mstari wanavuta pumzi. Ukiwakimbia, kanisa zima linaanza kukufukuza. Sasa mkono wake unasimama wenyewe. Alisema hayo akiukanda mkono huo, bila kujitetea.

Ijumaa mchana tulikuwa tumeishiwa nguvu. Nyuzi zililegea kwa joto kila baada ya muda mfupi, na kuzikaza upya kulikula saa. Seremala alivua viatu, kisha soksi. Binti mdogo alikuwa na alama nyekundu shingoni pale fidla inapoegemea. Wimbo hata mmoja haukuwa umekamilika. Fundi akasema, kwa upole, kwamba kinanda chake kina sauti ya fidla humohumo ndani, na kinahesabu vizuri. Akapiga mistari michache. Mzee alisikiliza akitazama sakafu.

"Hiyo ni sauti ya simu," alinong'ona, "ukiambiwa subiri."

Akaomba asikie walichopiga wale wanne, peke yake, gitaa na ngoma zikiwa kimya. Nilitakiwa kutazama barabara, lakini nilimtazama yeye. Midomo ilikuwa inafuata maneno bila sauti. Kila fidla ziliposita, mabega yake yalipanda.

"Toa gitaa," alisema.

"Mzee, gitaa ndiyo roki yenyewe. Ukilitoa unabaki na kwaya isiyo na waimbaji."

"Litoe. Na mdundo wa kompyuta utoe. Hawa wananingoja mimi."

"Wiki nzima umelipiga."

"Najua. Vidole ni vyangu."

Tukampa kiti katikati, akimtazama mwalimu. Koti ilibidi alivue, kwa sababu ngozi ililia kwenye maiki kila alipojisogeza, na bila koti alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Akafungua mdomo, akavuta pumzi, nao wakaanza. Wakaenda naye hadi mwisho, mara nne, na hakuna aliyeachwa.

Fundi alivua hedifoni akitikisa kichwa. Pumzi za mzee zilisikika, zikikwaruza kwenye lile koo lililoshonwa, kila baada ya mstari. Akataka warudie wote, mzee akikaa upande wa pili wa kioo, kwenye chumba cha kompyuta. Mwalimu akaishusha fidla magotini. Alisema mkono hauinuki kwa marudio ya namna hiyo, na mzee akikaa nyuma ya kioo yeye hatamsikia anapovuta pumzi. Kisha akamwambia fundi amuulize mwenye wimbo.

Mzee akasikilizishwa.

"Hicho kinachokwaruza ni nini?"

"Ni wewe, mzee."

"Basi usikifute."

"Watu watasema ni kasoro."

"Waache waseme, kijana."

Jua lilipozama tulikuwa na nyimbo mbili. Nyingine mbili zilibaki na gitaa na ngoma, bila wa kuziimba. Binti wote wawili walisinzia wakiegemea magunia. Seremala alikuwa akilifunga sello lake kwa shuka, polepole. Mzee akaomba asikie ule wa kwanza. Ulipokwisha alibaki ameinamia spika, midomo bado wazi.

"Tena," alisema.

Fundi alijifuta uso kwa fulana, akaurudisha mwanzo.